Chania: Bandari inayosimulia waliohamishwa

Mgeni anayefika mji wa kale wa Chania, kisiwani Krete, Ugiriki, hulakiwa bandarini na mnara wa taa pamoja na msikiti usio na waumini.

Mnara huo ulijengwa na Wavenisi, ukajengwa upya katika karne ya 19 kisiwa kilipotawaliwa na Misri. Msikiti ulijengwa na Waturuki baada ya kuuteka mji mwaka 1645.

Mkataba uliotiwa saini mjini Lausanne mwaka 1923 uliwalazimu Waislamu wa Krete kuhamia Uturuki, na Wakristo wengi wa Uturuki kuhamia Ugiriki. Kigezo kilikuwa dini, wala si lugha. Waislamu wengi wa Krete walizungumza Kigiriki.

Kwa hiyo, anayeuzuru mji huo asiishie kwenye migahawa ya ufukweni. Msikiti ule ni kumbukumbu ya watu waliong'olewa kwao.