Uteuzi wa Vidakio vya Kuhifadhiwa Kwanza: Picha za Setilaiti, Ramani na Funzo la Kondoa

1.0 Utangulizi

Fedha na nguvukazi ya kuhifadhi ardhi hazitoshi kwa kila mlima na kila korongo. Kwa sababu hiyo, swali linalotangulia mengine yote ni wapi pa kuanzia. Makala haya yanafafanua jinsi swali hilo linavyojibiwa kwa kutumia picha za setilaiti na ramani. Aidha, yanaonyesha kwa mfano wa Kondoa, Tanzania, kwamba ramani hukadiria uharibifu lakini haielezi ni nani atakayebeba gharama ya kuurekebisha.

2.0 Bonde na Kidakio

Katika matumizi ya kawaida, bonde ni ardhi iliyo chini baina ya miinuko. Wataalamu wa maji nchini Tanzania wamelipanua neno hili ili litaje eneo zima la mfumo wa mto au ziwa, na nchi imegawanywa katika mabonde tisa, likiwemo la Pangani na la Rufiji. Sehemu ndani ya bonde huitwa kidakio, nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi daka. Kidakio ni eneo lote ambalo maji ya mvua yake hutiririkia mahali pamoja. Tofauti hii ina uzito. Msikilizaji wa neno bonde huelekeza fikra chini, tope linakotuama, ilhali uhifadhi huanzia juu, tope linakotoka.

3.0 Hatua za Uteuzi

Hatua ya kwanza ni kuchora mipaka ya vidakio. Msingi wake ni data za mwinuko, mathalani zile zilizokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambazo zina kipimo kimoja kwa takriban kila mita 30. Kompyuta hufuata mwelekeo wa mteremko na kubainisha vijito pamoja na migongo ya milima inayovitenga.

Hatua ya pili ni kutambua kilichoifunika ardhi. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha tangu mwaka 1972. Zile za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hupambanua hadi mita 10. Mimea hai hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi miali jirani isiyoonekana kwa macho. Kwa kulinganisha viwango hivyo viwili, ardhi yenye majani hutofautishwa na ardhi tupu. Hata hivyo, shamba lililokwisha kuvunwa nalo huonekana tupu. Hivyo tarehe ya picha ni sharti izingatiwe.

Hatua ya tatu ni kukadiria upotevu wa udongo. Kanuni mashuhuri ni ile ya Wischmeier na Smith, iliyochapishwa mwaka 1965 na kurekebishwa mwaka 1978. Huzidisha vigezo sita: nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu wa mteremko, ukali wake, kifuniko cha ardhi na mbinu za hifadhi zilizopo. Kisha vidakio hupangwa kuanzia kilichoathirika zaidi. Ikumbukwe kuwa kanuni hii hukadiria udongo unaochukuliwa na maji yanayotambaa juu ya ardhi na katika vifereji vidogo, haikadirii makorongo.

4.0 Funzo la Kondoa

Upungufu huo unadhihirika katika milima ya Irangi, wilayani Kondoa, ambako makorongo ndiyo alama kuu ya uharibifu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,250. Baada ya hapo majani na miti vilirejea.

Picha zilizopigwa kabla na baada ya tukio hilo zinaweza kuonyesha urejeo wa mimea. Haziwezi kuonyesha ng'ombe walikopelekwa, wala kaya zilizokosa maziwa na samadi. Ni baadaye tu, kuelekea miaka ya 1990, wenyeji waliporuhusiwa kufuga ng'ombe bandani. Kwa hiyo, kidakio kinachowekwa nambari moja katika orodha kinaweza pia kuwa cha kwanza kunyang'anywa riziki, hali wanufaika wa maji safi wako mbali huko chini.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa uteuzi wa vidakio una pande mbili: ukadiriaji, ambao picha na ramani huumudu vyema, na uamuzi, ambao ni wa watu. Inafaa basi jedwali la uteuzi lionyeshe, sambamba na kiasi cha udongo unaopotea, idadi ya kaya zitakazoguswa, malisho mbadala yaliyopo na watumiaji wa maji walio chini. Vilevile makorongo yakaguliwe kwa kufika mahali penyewe pamoja na wenyeji. Katika mikutano ya vijiji, istilahi kidakio ifafanuliwe kabla ramani haijatandazwa, kwani mwanakijiji asiyejua mpaka uliochorwa unazingira nini hawezi kuukubali wala kuupinga kwa hoja.