Binti, Mpira na Cheti cha Kuzaliwa

Tarehe 15 Oktoba 2022, katika mji wa Margao huko Goa, nchini India, wasichana wa Tanzania waliwafunga wasichana wa Ufaransa mabao 2 kwa 1. Jina la Goa si geni kwa Mkatoliki. Ndipo ulipohifadhiwa mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari aliyepita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda huko. Lakini siku hiyo ya Oktoba watu waliitaja Goa kwa sababu nyingine. Watoto wetu, wengi wao wangali wanafunzi, walikuwa wameishinda nchi ambayo mpira wake unajulikana ulimwenguni kote.

Wengine walifurahi. Wengine walitikisa kichwa wakiuliza, "Je, mpira ni kazi ya binti?" Swali hilo tutalijibu. Ila kwanza yafaa tueleze jinsi wasichana hao walivyofika huko, maana katika njia ile limo jambo linalomgusa kila mzazi, hata yule ambaye binti yake hajagusa mpira maisha yake yote.

MPIRA HUPEPETWA KAMA MPUNGA

Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17 lilichezwa mara ya kwanza mwaka 2008 huko New Zealand. Kwa miaka mingi timu zilizoingia zilikuwa 16 tu kutoka dunia nzima, na Afrika ilipewa nafasi 3. Sasa tazama: Afrika ina vyama vya mpira vya mataifa 54. Nafasi 3 zitagawanywaje kwa nchi 54?

Hapo ndipo unapoingia mchujo, yaani mechi za kufuzu. Ni kama mama anavyopepeta mpunga: kila ungo unapotikiswa, makapi huruka na punje hubaki. Nchi mbili hupangwa pamoja. Zinacheza mara mbili, moja nyumbani na moja ugenini. Mabao ya michezo yote miwili hujumlishwa. Mwenye mengi huendelea, mwenzake hurudi kwao. Hakuna kuomba marudio, wala hakuna kusema, "Tungecheza kwetu tungeshinda," kwa kuwa kila mmoja amecheza kwake.

Timu yetu, iitwayo Serengeti Girls, chini ya mwalimu Bakari Shime, ilipita kwanza kwa Botswana, kisha ikawatoa jirani zetu wa Burundi. Mwisho ilikutana na Kameruni, nchi iliyokwisha kucheza Kombe hilo mwaka 2016 na mwaka 2018. Watu wengi walidhani safari itaishia hapo. Lakini mwezi wa Mei 2022 wasichana wetu walishinda huko huko Kameruni kwa mabao 4 kwa 1. Tarehe 5 Juni, katika uwanja wa Amaan, Unguja, wakashinda tena 1 kwa 0. Jumla ikawa 5 kwa 1. Hivyo Tanzania ikaingia Kombe la Dunia la mpira wa miguu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wanaume wakubwa hawajawahi kufika. Waliotangulia ni mabinti.

Huko India mambo hayakuanza vema. Mchezo wa kwanza Japani iliwafunga 4 bila. Ni rahisi mtu kukata tamaa baada ya kipigo cha namna hiyo. Wao walipumzika siku mbili, na siku ya tatu wakaishinda Ufaransa kwa mabao ya Diana Mnally na Christer Bahera. Halafu wakatoka sare 1 kwa 1 na Kanada. Kwa alama hizo 4 wakaingia katika timu 8 bora za dunia, ndipo Kolombia ikawatoa kwa mabao 3. Kolombia hiyo ilifika mpaka fainali.

Majirani zetu wa Kenya nao walifuata. Mwaka 2024 timu yao, Junior Starlets, ikifundishwa na mwalimu mwanamke, Mildred Cheche, iliishinda Burundi katika hatua ya mwisho kwa jumla ya mabao 5 bila. Burundi iliwapasa kucheza mchezo wao wa nyumbani Addis Ababa, mbali na watu wao. Kenya ikaenda Jamhuri ya Dominika, na huko ikaishinda Meksiko 2 kwa 1. Tangu mwaka 2025 mlango umepanuliwa: timu zimekuwa 24, na Kombe linachezwa kila mwaka huko Moroko mpaka mwaka 2029. Mwaka huo wa 2025 Afrika iliwakilishwa na Moroko yenyewe, Nigeria, Kameruni, Ivory Coast na Zambia.

SIKU MOJA TU

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Katika mashindano haya umri hauhesabiwi kwa kumtazama mtoto kimo, wala kwa kumwuliza jirani. Huhesabiwa kwa tarehe. Kwa Kombe la mwaka 2022 aliruhusiwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baadaye. Binti aliyezaliwa tarehe 31 Desemba 2004 alikaa nje. Aliyezaliwa kesho yake aliingia. Tofauti yao ni usiku mmoja.

Na nafasi hiyo ikipita hairudi. Kombe la mwaka 2020 nalo lilikuwa lichezwe India, lakini likafutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wasichana wa Afrika waliozaliwa mwaka 2003 na 2004, waliokuwa wamekwisha kuanza michezo ya kufuzu, walikuwa wamezidi umri Kombe lilipochezwa mwaka 2022.

Basi, mzazi, jiulize: binti yangu alizaliwa lini? Imeandikwa wapi? Katika vijiji vyetu wako bado watu wasemao, "Alizaliwa mwaka ule wa mvua kubwa," au, "Alikuwa ananyonya babu yake alipofariki." Maneno hayo yatosha barazani, lakini hayamvushi mtoto mpakani. Asiye na cheti cha kuzaliwa hawezi kupata pasipoti kwa urahisi, na asiye na pasipoti hachezi Kameruni wala India. Binti aweza kuwa hodari kuliko wote wilayani, akaachwa kwa kukosa karatasi moja.

Sheria ya Tanzania inataka kizazi kiandikishwe katika siku 90. Aliyechelewa asikate tamaa. Aende kwa ofisi ya wilaya inayoshughulikia kazi za RITA, akiwa na kadi ya kliniki, cheti cha shule, au cheti cha ubatizo. Naam, cheti cha ubatizo! Sheria ya Kanisa inamwagiza paroko aandike katika kitabu si siku ya kubatizwa tu, bali pia mahali na tarehe ya kuzaliwa. Vitabu vile vikubwa vya parokia vimekuwa msaada kwa wengi. Ndiyo maana mzazi anayekuja kwa katekista kuandikisha mtoto asitaje tarehe ya kubahatisha.

UONGO WA NAMNA MBILI

Wako wazazi na viongozi wa timu wanaompunguzia mtoto miaka ili apate nafasi. Husema, "Ni uongo mdogo, wa faida." Si mdogo. Kwanza, unamnyang'anya nafasi mtoto mwingine aliyesema kweli. Pili, ukigunduliwa, timu nzima yaweza kuondolewa mashindanoni. Tatu, mtoto huyo anafundishwa na watu wazima kwamba jina na siku aliyopewa na Mungu ni vitu vya kuchezea.

Lakini wako pia wanaomwongezea binti miaka. Kwa nini? Ili aolewe. Msichana wa darasa la saba anaambiwa ghafla kuwa yeye ni mtu mzima, kwa sababu posa imekwisha kuletwa na ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo. Umri wa timu hii na umri wa posa hizo ni ule ule. Mmoja yumo safarini kwenda Goa na wenzake. Mwingine, wa umri wake, yumo jikoni kwa mtu, amebeba mimba. Cheti chenye tarehe ya kweli humlinda binti katika uongo wote wawili.

JE, MPIRA WAMFAA BINTI?

Turudi kwenye swali la mwanzo. Kanisa halikatazi michezo. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto alitumia mfano wa wakimbiaji uwanjani, jinsi wanavyojinyima ili wapate taji. Mwaka 2018 idara ya Vatikano inayoangalia mambo ya Walei, Familia na Uhai ilitoa hati nzima juu ya michezo. Inafundisha kwamba mchezo waweza kumjenga mtu mwili na roho, nayo haifichi hatari zake.

Wengine waogopa masomo yatapotea. Yaweza kupotea kama hakuna mpango. Lakini kwetu mpira wa wasichana umekulia mashuleni, katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walishinda ubingwa wa shule za Afrika huko Durban. Na kazi za nyumbani je? Hapo tuseme wazi. Mara nyingi kaka anaruhusiwa kwenda kiwanjani saa kumi, na dada anapewa ndoo. Kama kaka naye angeshika ndoo nyingine, maji yangejaa mapema na wote wawili wangekwenda kucheza.

Hatari nyingine ni ya kweli, wala tusiifumbie macho. Pakiwa na mali na safari, huja na matapeli. Akija mgeni kijijini akisema anatafuta vipaji, anataka kumchukua binti mjini au ng'ambo, usimpe mtoto wako kwa maneno matupu. Mwambie alete barua ya shule au ya chama cha mpira. Nenda na barua hiyo kwa mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji au paroko. Uliza: atalala wapi? Ni mama gani mzima atakayekuwa pamoja na wasichana? Masomo ataendelea nayo wapi? Mtu mwema hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa, mwache aende zake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Si kila binti atacheza Kombe la Dunia. Katika maelfu, watachaguliwa ishirini na mmoja. Lakini kila binti ana haki ya kujua siku aliyozaliwa, kuitumia kwa kweli, na kupewa miaka yake ya utoto bila kupunguziwa wala kuongezewa. Jumapili hii, baada ya Misa, fungueni sanduku la karatasi nyumbani, baba na mama pamoja. Hesabuni watoto, hesabuni na vyeti. Vikipungua, Jumatatu si mbali.