Mkanda wa Jeshi na Malengelenge: Ni Dawa Ipi Inayokukinga?

Mkanda wa jeshi huanza kwa maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, kisha malengelenge hujipanga kwenye ngozi kama mshipi. Wengi hudhani wamerogwa. Ukweli ni kwamba virusi vya tetekuwanga uliyougua utotoni hubaki vimejificha kwenye mishipa ya fahamu na kuamka kinga ya mwili inapodhoofika. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi wazee na watu wanaoishi na VVU. Ukiupata na hujui hali yako, omba kupimwa.

Dawa ipo. Asaiklovia huzuia virusi hivyo kuzaana, lakini husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge yatokee. Anayemaliza wiki nzima akipaka majani, na ni wengi, huchelewa kufaidika nayo, na maumivu yanaweza kudumu kwa miezi. Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso au pua, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, kwa sababu jicho liko hatarini.

Je, anayeishi na VVU ameze asaiklovia kila siku ili kujikinga? Kwa wengi, hapana. Anayeweza kuandikiwa ni yule ambaye vidonda vya hepesi sehemu za siri humrudia mara kwa mara. Hata kwake, dawa hii haichukui nafasi ya ARV. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, ulioshirikisha zaidi ya jozi 3,300 za wapenzi katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa asaiklovia ilipunguza vidonda lakini haikupunguza maambukizi ya VVU kwa mwenzi.

Kinga kubwa ni ARV zenyewe. Kuna virusi vingine, sitomegalovirusi, vinavyoweza kupofusha macho, hasa chembe za CD4 zikishuka chini ya 50. Anayemeza ARV bila kukatiza ni nadra kufika huko.

ARV hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Kama uliacha, rudi kliniki, hata ikiwa ni miezi mingi imepita. Na usimegee jirani vidonge vyako vya asaiklovia: kipimo hutegemea ugonjwa, na mwenye matatizo ya figo hupunguziwa.