Kwa Nini Buibui Huyu Amevaa Manjano?

Mtu anayetega ndege hujificha nyuma ya majani. Hakai katikati ya mtego, tena amevaa nguo ya manjano! Lakini tazameni buibui mkubwa anayetanda nyuzi zake kati ya miti, kando ya njia. Jike ni mweusi mwenye madoa ya manjano, naye hukaa katikati ya utando mchana kutwa, kichwa chini. Kila mdudu anayepita aweza kumwona. Mbona hawamkimbii?

Labda mtasema: Anajipamba ili dume ampende. Sivyo. Buibui wa namna hii hawaoni vizuri. Hujua mambo kwa miguu yao, maana miguu hushika nyuzi na kusikia zinapotikisika.

Huko Australia yuko buibui mdogo mwenye miiba na mistari ya manjano mgongoni. Jamaa zake wako Kongo pia. Mtaalamu mmoja alipaka wino mweusi juu ya mistari ya baadhi yao, akawaacha wengine vilevile. Mwaka 2002 alitangaza aliyoyaona: waliopakwa wino walinasa wadudu wachache kuliko wenzao.

Lakini je, wadudu hawakuogopa harufu ya wino? Mwanafunzi akiuliza hivyo, ameuliza vema. Basi twende kisiwani Taiwan. Huko wako buibui wakubwa wa msituni wenye manjano, na katika aina ileile wengine ni weusi watupu tangu asili. Hao hawakupakwa kitu, nao pia hunasa wadudu wachache kuliko wenzao.

Kumbe manjano ni chambo! Nyuki amezoea kupata chakula katika maua ya rangi hiyo. Na jicho lake si kama letu. Hawezi kupambanua umbo la buibui kwa mbali kama sisi. Sehemu nyeusi za mwili zapotea mbele ya kivuli cha majani, na madoa peke yake yang'aa. Nyuki ayaendea, na nyuzi zamshika.

Ila chambo huonwa na wengi. Ndege ana macho, na nyigu pia, yule anayekamata buibui ili kulisha watoto wake. Kwa hiyo buibui hushiba kwa hatari.

Mkimkuta njiani, msimpige fimbo. Simameni kimya, mhesabu wadudu walionaswa, kisha mwambieni mwalimu ni wadudu gani.