Tiketi ya Bure Ilivyoipasua Maskani

Kama wewe ni wa Jangwani tulia usome, leo sikutanii. Leo nina kesi na watu wangu mwenyewe wa Msimbazi, na kwenye kesi hiyo mshitakiwa namba moja ni mimi.

Maskani yetu iko Ilala, chini ya mwarobaini, penye benchi moja refu, jiko la kahawa na ukuta mweupe. Kwenye ukuta huo mtu aliandika zamani kwa mkaa: SIASA MARUFUKU. Mpira ruksa. Kusutana kwa Simba na Yanga ruksa, tena siku usipomsuta mtu unaulizwa kama unaumwa. Majina ya washikaji siyataji, kila mtu ana mama yake, hivyo nitawaita kwa kazi zao.

Kinyozi wetu ni Yanga damu. Mwaka 2023 Yanga walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, wakalala 2-1 hapa Dar, wakaenda kushinda 1-0 kule Algiers na bado kombe likabaki kwa Waarabu kwa hesabu ya magoli ya ugenini, tulimfanyia matanga. Tulimletea boksi la viatu tukamwambia hilo ndilo jeneza, achague pa kuzika. Alicheka mpaka machozi, ingawa mengine nadhani yalikuwa machozi ya kweli. Jioni tukamnunulia kahawa na kashata. Ndiyo sheria ya utani: ukimchoma mtu, unamlipia kahawa yake, yanakwisha.

Sasa sikia kasheshe.

Jumatano ya Aprili 9, 2025, Simba walikuwa wanarudiana na Al Masry. Kule Misri tulikuwa tumefungwa 2-0. Siku ile kwa Mkapa Mnyama akazirudisha zote mbili, mechi ikaenda kwenye matuta, akashinda 4-1. Wacha weee! Dereva wetu wa bodaboda alivua shati akazunguka mwarobaini mara saba. Katikati ya kelele fundi simu akatazama simu yake, akanyamaza.

"Lissu kakamatwa Mbinga," alisema.

"Zima hiyo bwana, tunashangilia," boda akamjibu.

"Nyie shangilieni."

Yakaishia hapo usiku ule, lakini kesho yake mwenyekiti huyo wa CHADEMA akafikishwa Kisutu kwa kesi ya uhaini, kesi isiyo na dhamana. Siku mbili mbele Tume ikasema chama chake hakishiriki uchaguzi kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Benchi likaanza kuwa na upande. Hakuna aliyegombana, ila fundi simu na vijana wawili wakawa wanakaa kule karibu na jiko, boda na wenzake huku barabarani. Mimi nikawa nakaa katikati, mahali ambapo unapokea moshi wa pande zote.

Mpira ulituunganisha tena. Simba wakawatoa Stellenbosch wa Afrika Kusini, wakaingia fainali na RS Berkane. Mei 17 tukafungwa 2-0 kule Morocco. Hatukulia sana, maana hesabu ya 2-0 tulikuwa tunaijua. Lakini marudiano, CAF wakaamua, hayachezwi kwa Mkapa kutokana na hali ya eneo la kuchezea. Yanachezwa New Amaan, Zanzibar, Mei 25.

Mechi ya nyumbani, unaiendea kwa boti! Kwa Mkapa wanaingia watu 60,000, Amaan kama 15,000 hivi. Piga hesabu mwenyewe wangapi walibaki wanang'ata kucha.

"Ndiyo Muungano huo," alisema fundi simu. "Ukifika uombe na kiwanja cha kujenga uone watakavyokujibu."

Mzee wa kahawa, ambaye ni mtu wa Makunduchi na kwa kawaida haongei zaidi ya kutaja bei, akaweka birika chini. "Wanangu, miaka yote nyie mnacheza kwenu, sie tunavuka bahari kuja kuwatizama. Leo zamu yenu kutapika botini mnanuna?" Tukacheka wote, hata fundi. Naomba ulikumbuke cheko hilo, maana lilikuwa la mwisho kwa muda mrefu.

Tulikuwa na kibubu chetu cha safari. Tulipokipasua, hela ikatosha watu sita, nauli ya boti na kiingilio. Tuko kumi na wanne. Tukawa tunabishana tupige kura au waende walioweka zaidi, ndipo akatia timu mpambe mmoja kwa pikipiki mpya, miwani usoni, viatu havijui vumbi la Ilala.

Bosi wake alikuwa anautaka ubunge. Chama sikitaji, na jina ndiyo kabisa. Mpambe akasema bosi ni Simba lialia na amesikia kilio cha vijana. Boti kwenda na kurudi, tiketi za uwanjani, chai na chapati, nafasi ishirini. Masharti madogo tu: fulana nyekundu zenye sura ya mheshimiwa, bango moja la kushika pale jukwaani, na orodha. Jina kamili, namba ya simu, namba ya kadi ya mpiga kura.

Hapo patashika ikaanza.

"Andika la kwangu," alisema boda. "Mwanasiasa hajawahi kunipa hata mche wa sabuni. Leo mmoja ananipa fainali ya Afrika, mimi nimkatalie kwa sababu gani?"

Mwalimu wa tuisheni, mtu wa kusoma, akatuletea historia. Kwamba mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu kitu kinaitwa takrima, mgombea kuwakirimu wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta kwa kuwa inampendelea mwenye pesa. "Takrima ilikufa," alisema. "Hii ni maiti inatembea na pikipiki."

"Kampeni hazijaanza," mpambe akajibu huku anatabasamu. "Huu ni mpira."

Fundi simu akauliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa mapema: kama ni mpira, namba ya kadi ya kura ya nini? Mpambe akasema ni kwa ajili ya usalama botini. Jamani, kwenye boti kadi ya mpiga kura inaelea?

Hapo ndipo maneno yakatoka kwenye utani. Fundi akawaita wenzake machawa. Boda akamwambia aende Ubelgiji akamsubiri mwenyekiti wake. Fundi akasema afadhali Ubelgiji kuliko kuuzwa kwa chapati. Boda akasema, na hili alilisema taratibu, "Watu kama nyie ndiyo mtatuletea vita." Kikombe kikaruka kikapasuka ukutani, juu ya yale maneno ya mkaa. Kinyozi wa Yanga, ambaye safari ile haikumhusu hata kidogo, ndiye aliyesimama katikati.

Hakuna aliyemnunulia mwenzake kahawa jioni ile. Kwenye Simba na Yanga tunajua namna ya kugombana, tumerithi kwa baba zetu. Kwenye hili hatukuwa na namna.

Na mimi? Msomaji, huwa nalipwa kwa makala, tena nikilipwa. Nilisubiri fundi ameondoka, nikamfuata mpambe pale kwenye pikipiki, nikaandika jina langu. Nilikuwa wa kumi na moja. Namba ya kadi nilikuwa naijua kichwani, sijui kwa nini.

Wiki ile nchi ilikuwa na joto. Mtandao wa X ukazimwa Mei 20, wanaharakati kutoka Kenya na Uganda wakakamatwa hapa hapa Dar. Sisi tukawa tunaulizana saizi ya fulana.

Jumapili tukavuka. Bahari ilikuwa shwari, aliyetapika ni mpambe peke yake. Fulana nilivaa chini, juu nikavaa jezi yangu ya zamani, nikajiona mjanja. Tulipofika Unguja akatupanga mstari, akasema jezi zote zivuliwe, picha ya ukumbusho. Nikavua.

Mechi unaijua. Dakika ya 17 Mutale akafunga, Amaan ikataka kuhama kisiwa. Nilikumbatiana na bwana mmoja wa Kiunguja nisiyemjua na sitamwona tena, mwili mzima unatetemeka. Dakika zile sikuwa na chama wala sikuwa na deni. Kipindi cha pili Kagoma akala nyekundu. Mukwala akafunga, mashine ya VAR ikalikataa goli. Muda wa nyongeza Sidibé akasawazisha, 1-1, kombe likaenda Morocco. Mpambe akatukumbusha tuinue bango. Tuliinua watu watatu, wengine walikuwa wanalia.

Kurudi botini nikatazama simu. Picha ilishasambaa: "Vijana wa Ilala wako nyuma ya mheshimiwa." Mstari wa mbele, meno yote nje, mimi.

Kesho yake nilikwenda maskani nimejiandaa kutukanwa. Fundi simu alikuwa na kioo cha mtu mkononi, hakuinua kichwa.

"Umependeza," alisema. Basi. Kinyozi alileta boksi la viatu, kwa haki yake kabisa, akakuta hakuna wa kucheka naye. Akarudi nalo.

Mheshimiwa mtarajiwa jina lake halikurudi kwenye mchujo wa chama chake. Mpambe hatukumwona tena, na pikipiki nasikia aliiuza.

Ikaja Oktoba 29, siku ya kura. Maandamano, risasi, watu wakapoteza maisha, jioni amri ya kutotoka nje. Intaneti ikazimwa siku tano. Maskani haikukaa mtu, na mzee wa kahawa jiko alilificha uvunguni. Mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza kwenye kundi letu la WhatsApp ulikuwa wa kinyozi: "Mpo?" Tukaanza kujibu mmoja mmoja. Nipo. Nipo. Niko kwa shangazi Mbagala. Kumi na tatu tukajibu kabla ya saa sita mchana. Fundi simu kimya. Boda akapiga simu yake mara nyingi, nilihesabu alivyokuwa anatuandikia: bado, bado, bado. Saa moja usiku fundi akaandika: "Simu ilikuwa ya mteja, yangu iliibiwa. Nipo."

Boda hakujibu pale kwenye kundi. Alinipigia mimi pembeni.

"Ile orodha," alisema, "ile yenye namba zetu. Iko wapi?"

Nikamwambia sijui. Akasema hata yeye hajui.

Baada ya wiki chache watu wakarudi benchini, kidogo kidogo, bado kwa pande. Siku moja kijana mmoja akaropoka kuhusu kuifuata timu mkoani, nani anakwenda, basi la saa ngapi. Kimya. Halafu kutoka kule kwenye jiko fundi simu akasema, bila kutugeukia:

"Nauli kila mtu mfukoni kwake."

Boda akachomoa elfu tano, akaiweka juu ya kibubu kipya. Akamwambia mzee wa kahawa amimine vikombe viwili.