Betri ya Nyuzi 300: Acheni Kuuliza Itapozwaje

Kila inapotajwa betri ya sodiamu na salfa, swali ni lile lile: itapozwaje? Haipozwi. Anayeuliza amesikia kwamba joto huua betri, akaifanya kanuni hiyo kuwa ya betri zote duniani. Joto huua betri ya simu kwa kuwa ndani yake mna kimiminika cha kikaboni ambacho huchakaa upesi kikipata moto. Huku hakipo. Elektroliti ni kauri ngumu, beta-alumina, iliyosimama kati ya sodiamu na salfa, zote zikiwa zimeyeyuka kwenye nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi. Ioni za sodiamu hupenya kauri hiyo, na kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyopita kwa wepesi. Elektroni hazipiti, ndiyo maana chaji haivuji ndani kwa ndani. Ukiipoza, ioni hukwama, sodiamu huganda chini ya nyuzi 98, na umeme haupatikani tena. Watafiti wa Ford, Kummer na Weber, waliijenga betri hii juu ya msingi huo tangu miaka ya 1960, lakini bado tunaulizwa habari za feni!

Wapo wanaonirushia moto wa betri hizi katika kiwanda cha Tsukuba, Japani, wa Septemba 2011. Ni kweli uliwaka, na ulichukua siku nyingi kuzimika. Lakini kwa maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, seli moja ilipasuka, ujiuji wa moto ukavuja, seli za jirani zikapiga shoti, na katikati yake hapakuwa na fyuzi. Kauri huvunjika, huo ndio udhaifu wa kuulizia. Hoja ya kwamba kuipasha kunakula umeme ina uzito zaidi: ikichajiwa na kutumika kila siku, joto lake lenyewe ndani ya kasha la ombwe hutosha kwa sehemu kubwa, ila ikikaa bure hita huila taratibu.

Basi, kwa ufupi. Gridi inayohitaji saa kadhaa za akiba kila siku: sodiamu na salfa. Mnara wa simu kwenye jua kali: sodiamu na nikeli kloridi, iliyoanzia Afrika Kusini, ambayo kauri ikipata ufa seli huendelea kupitisha mkondo. Nyumbani: lithiamu ya chuma na fosfeti, kivulini. Sodiamu ikiwaka, usimwage maji. Tumia mchanga mkavu.