Daktari Anayetibu Kijiji Kizima

Ukisikia neno "daktari" unaona nini kichwani? Koti jeupe, sindano na foleni ndefu ya wagonjwa, sivyo? Sawa, lakini kuna daktari wa aina nyingine. Mgonjwa wake ni kijiji, wilaya au hata nchi nzima. Dawa zake ni vyoo, maji safi, chanjo na bajeti. Hebu tumtazame mmoja: Dakta Miriam Were wa Kenya.

ALIANZAJE?

Alizaliwa mwaka 1940 Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kwanza hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa sekondari. Akaona wanafunzi wake wanakosa masomo kila mara kwa sababu ya kuugua. Sasa utamfundisha nani kama darasa liko zahanati? Akarudi shule. Alipohitimu udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1973, alikuwa ameshapita miaka 30. Kwa hiyo wewe wa miaka 19 usije ukasema umechelewa!

MBONA HAKUBAKI HOSPITALI?

Fikiria mtoto anayeharisha. Hospitali anatundikiwa dripu, anapona. Halafu anarudi nyumbani kunywa maji yale yale ya kisima kilichochimbwa karibu na choo. Baada ya wiki mbili yuko kitandani tena, na safari hii huenda asiwahi kufika. Hapo mgonjwa ni nani, mtoto au kisima?

Ndiyo maana miaka ya 1970 Dakta Were aliongoza mradi wa majaribio huko Kakamega. Wanakijiji wenyewe walikaa chini, wakazungumza shida zao, na wenzao wakafundishwa kazi ya afya: vyoo, maji salama, chanjo kwa watoto. Siri iko kwenye hilo neno "wenyewe". Choo ulichojengewa na mgeni unaweza kukigeuza stoo ya kuku. Choo ulichoamua mwenyewe kukichimba utakitumia.

Mwaka 1978 nchi za dunia zilikutana mjini Alma-Ata, Kazakhstan, zikakubaliana kwamba wananchi lazima washiriki katika kupanga na kuendesha huduma za afya ya msingi. Kakamega walikuwa wameshaanza.

KUTOKA KIJIJINI HADI MEZA KUU

Dakta Were alisomea pia afya ya jamii Marekani, akafanya kazi UNICEF, kisha akawa mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani nchini Ethiopia. Kuanzia 2003 hadi 2009 alikuwa mwenyekiti wa baraza la taifa la kudhibiti UKIMWI nchini Kenya. Mwaka 2008 Japani ikamtunuku Tuzo ya Hideyo Noguchi.

Kazi ya meza kuu si kukalia kiti cha kuzunguka tu. Kiongozi wa afya huuliza: pesa zinaishia wapi? Dawa zinafika kijiji cha mwisho? Nani amesahaulika? Akikosea, hawaumii wagonjwa watatu, wanaumia maelfu.

Na mbegu ya kijijini imeota. Mwaka 2023 Kenya ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na mkoba wa vifaa.

NA WEWE JE?

Huhitaji digrii ili uanze. Jaribu haya:

• Hesabu vyoo vya shule yenu. Vina maji na sabuni? Wasichana wana mahali pa faragha pa kubadilisha pedi? Andika idadi, umpelekee mwalimu mkuu. Lawama ni rahisi kupuuza, idadi si rahisi.

• Mtafute mhudumu wa afya wa mtaani kwenu. Muulize ni ugonjwa gani anaukuta kila wiki, na unatoka wapi.

• Usiikimbie hesabu wala baiolojia. Na kama udaktari haukupata, kuna uuguzi, uganga, afya ya mazingira. Milango ni mingi.

Kumbuka: kumponya mtu mmoja ni kazi njema. Kuhakikisha mtaa mzima hauugui nayo ni kazi ya daktari, na sehemu yake unaiweza leo.